Glasi Iliyofunikwa kwa Kisahani

Mvua ilikuwa imeamua kukaa. Siyo ile ya kupiga ikapita. Hii ilishuka tangu juzi, nyembamba, ya kuudhi, na ndani ya kituo cha polisi kila kitu kilinuka nguo mbichi. Inspekta Anastazia Mhina alikuwa na mafua, na jamani, mwenye mafua asipewe kesi ya koo. Kila akimeza mate alimkumbuka Bi Hamdiya.

Kwa macho ya wakubwa, kesi ilikuwa imeshaiva. Bi Hamdiya, ajuza wa Raskazone, mjane wa watu wenye mashamba na maduka, alitakiwa kupimwa utumbo mkubwa kwa kamera. Kabla ya kipimo hicho mgonjwa hupewa unga wa kusafisha tumbo, pakiti moja jioni na nyingine alfajiri. Ya jioni ilikwenda salama. Ya alfajiri, siku ya Jumapili, ilimwangusha. Koo lilivimba hadi pumzi ikakosa njia, na madaktari wakamtoboa shingo wakampachika bomba la kupumulia. Alikuwa hai, lakini sauti hana. Dada wa kazi wa nyumba ile, Anjela, alikuwa mahabusu.

Mkuu wa upelelezi alitaka jalada lifike kwa wakili wa serikali siku hiyohiyo, binti asomewe shitaka la kujaribu kuua. Na ajuza akikata roho, shitaka lingegeuka la mauaji, ambalo halina dhamana. Anjela angeozea gerezani akingoja kesi isikilizwe, akiwa bado hajafika hata umri wa kuitwa mama wa mtu.

"Mlete," Anastazia alimwambia Koplo Yasini.

"Afande, huyu wa milimani, watu wako hawa," Yasini alitania. Alikuwa Mdigo mwenye mdomo mwepesi, na mvua haikumpunguza.

"Mimi Mbondei, yakhe. Wa milimani ni Wasambaa. Mlete, na uache maneno."

Anjela aliingia na kanga moja juu ya gauni la kanisani, lilelile alilokamatwa nalo. Macho yalikuwa yamevimba, lakini hakuwa akilia tena.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Umekula?"

"Uji."

Anastazia alisogeza kopo lililokuwa mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo. Kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, yanayoweza kubabua ngozi ya mtu. Lilikutwa chini ya kitanda cha Anjela.

"Hili la nini?"

"La sabuni. Tunatengeneza Makorora na wenzangu wa kwaya. Bi Mkubwa mwenyewe hufulia sabuni hiyo."

"Majirani walikusikia ukisema Mungu atamlipa."

"Nilisema." Binti hakuyumba. "Baba yangu amefariki kwetu Mlola, nikaomba ruhusa nikazike. Bi Mkubwa akaninyima, akasema ana kipimo, nani atamhudumia. Baba amezikwa mimi nafua mashuka. Nilisema kwa uchungu, afande, na uchungu haujaisha."

Yasini alimtazama inspekta kwa jicho la pembeni. Masikini binti wa watu, alikuwa akijichimbia kaburi kwa ulimi wake mwenyewe. Anastazia alipenga kamasi, akaendelea.

"Nani alipewa maelekezo ya dawa?"

"Mimi na Bi Mkubwa. Kaka Himyar, mwanawe, alibaki nje na gari. Nesi alisema maji robo glasi, utie unga, ukoroge, usubiri kidogo ndipo umpe. Halafu maji mengine mengi ya kunywa juu yake."

"Jioni ulifanya hivyo?"

"Nilifanya. Bi Mkubwa alikunywa amekunja uso, akasema ni kama machungwa yaliyooza. Tena glasi ilikuwa na uvuguvugu, akanigombeza."

"Uvuguvugu? Ulitumia maji ya moto?"

"Hapana. Ya mtungini."

"Afande," Yasini aliinama akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta, "kostiki ukiitia maji hupata moto. Mke wangu hutengeneza sabuni, naijua."

Anjela alisikia. Anastazia aliandika neno lile, uvuguvugu, akalipigia mstari. Lilimkaa vibaya. Kama unga wa jioni ulikuwa umetiwa kostiki, mbona ajuza alilala salama?

"Na alfajiri?"

"Nilikuwa na ibada ya kwanza. Bi Mkubwa akisali alfajiri hukaa na tasbihi muda mrefu, na nesi alisema dawa ikorogwe pale inaponywewa. Nikamwekea kila kitu kwenye kimeza. Maji kwenye glasi, nikayafunika kwa kisahani. Kijiko. Pakiti nikaikata pembe, maana mikono yake hutetemeka, asihangaike nayo. Nikatoka."

Hiyo pembe iliyokatwa ndiyo iliyomtia pingu. Aliyekata, walisema wakubwa, ndiye aliyetia. Pakiti yenyewe ilifagiliwa ikatupwa katika purukushani za asubuhi ile, hivyo hakukuwa na cha kupima.

Anjela alipokwisha kurudishwa mahabusu, Anastazia alitandaza picha za tukio. Kitanda. Msala. Kimeza, na juu yake glasi, kisahani kikiwa bado kimeifunika.

"Maji haya tuliyapima, sivyo?"

"Majibu yalikuja jana," Yasini alisema. "Maji matupu. Hamna sumu."

"Yalikuwa kiasi gani?"

"Robo glasi, afande."

"Robo glasi ndiyo aliyoweka. Na kijiko?"

Yasini aliivuta picha. "Kikavu."

"Tukakimbilia kutafuta kilichomo ndani ya maji, wala hatukujiuliza kwa nini maji yapo." Anastazia alifunga jalada kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujichukia. "Chukua funguo za gari."

*

Dk. Kristofa aliwapokea nje ya wodi ya wagonjwa mahututi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa polisi kwenye korido zake.

"Ripoti yangu mliisoma?" aliuliza.

"Wakubwa walisoma neno kuungua, wakaridhika. Mimi nataka mengine."

"Mengine ndiyo yenye maana." Alionyesha kwa kidole kwenye uso wake mwenyewe. "Mtu akinywa kostiki, midomo huungua, kidevu kinachuruzikiwa, na koo la chakula linaharibika mpaka tumboni. Huyu mama midomo yake mizima. Kuungua kuko juu ya ulimi, kwenye kaakaa, na pale kwenye mlango wa hewa, panapotoka sauti. Chini ya hapo ni kidogo mno."

"Maana yake nini?"

"Kitu hakikuteremka. Kilinata hapo juu, na kingine alikivuta kwa pumzi. Lakini kilinataje mtu akiwa amekunywa maji, hilo silijui. Mgonjwa hawezi kuniambia."

"Naomba pakiti moja ya dawa hiyohiyo."

Daktari akaenda stoo akamletea bila kuuliza.

"Kitu kingine," alisema. "Siku ya kwanza, alipozinduka, alikuwa akifanya hivi." Alikunja kiganja kikawa kama kijibakuli, akakipandisha mdomoni kwa ghafla. "Mara nyingi. Manesi walidhani anaomba chakula. Mwanawe alipoingia, akaacha, na hajarudia tena."

Anastazia aliingia peke yake. Bi Hamdiya alikuwa mdogo kitandani, ngozi nyeupe ya kizee imepauka, bomba shingoni likivuta na kutoa. Inspekta aliinama.

"Shikamoo, Bi Hamdiya. Mimi ni askari. Ukikubali, fumba macho mara moja. Ni Anjela aliyekudhuru?"

Macho hayakufumba. Yalimkodolea tu, yakajaa maji. Hakukubali, lakini hakukataa pia. Anastazia alikuwa amehoji wezi na majambazi wengi, na aliujua unyamazaji wa mtu asiyejua na ule wa mtu anayeficha. Huu ulikuwa wa pili. Alishtuka kuukuta kwa mgonjwa mwenyewe.

"Ulifanya hivi kwa mkono. Ulitaka kusema nini?"

Ajuza aliuingiza mkono wake wa kulia chini ya shuka, taratibu, akageuzia uso ukutani.

*

Nyumba ya Raskazone ilikuwa ya kale, yenye kuta nene na baraza pana lililolowa. Himyar aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamume wa makamo, mtoto pekee wa Bi Hamdiya, na kwa siku hizo chache alikuwa amekonda. Alikuwa amerudi nyumbani kuoga tu.

"Mmeshampeleka mahakamani yule?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Bado."

"Bado nini, afande? Mama yangu hana sauti! Mtu tumemweka ndani mwetu kama mtoto, anakuja kutuunguza!" Kisha adabu ya nyumbani kwao ikamrudi. "Niwieni radhi. Karibuni. Mpate kahawa."

Waliketi chumbani kwa Bi Hamdiya, kwa kuwa Anastazia alitaka kukiona tena. Dirishani palikuwa na safu ya chupa za ubani, asali, na unga wa kila rangi. Anastazia alipiga chafya mara mbili, mfululizo.

"Mafua hayo," Himyar alisema. "Ngoja. Mama angekuwapo usingetoka humu bila dawa." Akachukua chupa ya unga mweusi. "Habasoda. Lete mkono."

Na kabla inspekta hajasema kitu, alikuwa amemshika kifundo, amekikunja kiganja chake, na kumtilia unga katikati.

"Bwia. Itupe mara moja nyuma ya ulimi, usivute pumzi. Halafu kahawa juu yake, inateremka."

Anastazia hakubwia. Aliangalia mkono wake mwenyewe, uliokunjwa kama kijibakuli, tayari kupandishwa mdomoni. Lo! Ndicho kile kiganja alichokikunja daktari koridoni.

"Ndivyo mnavyokunywa dawa humu?"

"Za unga, ndiyo. Tangu nikiwa mtoto. Mama ana sanamaki yake ya kulainisha tumbo, kila Ijumaa. Zamani alikuwa akinitilia mimi, sasa mimi ndiye nimtiliaye, mikono yake haina nguvu." Alisema kwa fahari ndogo, ya huzuni. "Hata ile ya Jumapili nilimtilia mimi, nilipotoka msikitini. Nimeshawaeleza, nilimpa dawa kwa mkono wangu. Ningejua yule shetani ameshaitia magadi..."

"Ulituambia ulimpa dawa," Anastazia alisema polepole. "Hatukukuuliza ulimpaje. Hilo ni kosa letu. Glasi ilikuwa hapa, na kijiko."

"Mama hakuitaka. Alisema usiku ilimtia kichefuchefu ilivyo maji. Akasema, nitilie nibwie, mwanangu, yaishe. Kwani si dawa ya tumbo, kama sanamaki? Nikamtilia pakiti nzima, mara mbili kiganjani. Akabwia. Ya pili akapaliwa..." Himyar alisita. "Akakohoa sana. Nikampa maji ya mtungini."



Anastazia alimimina habasoda kwenye kisahani, akajifuta mkono. Akatia maji kidogo kwenye glasi, ya mtungini, akaigusisha glasi kwenye mkono wa Himyar apate kuuhisi ubaridi wake. Kisha akapasua pakiti aliyopewa na daktari, akamimina unga wote. Ukachemka kwa povu, harufu ya machungwa ikajaa chumba.

"Dawa hii imetoka hospitali, haijapita kwa Anjela. Ishike."

Himyar aliishika. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa mtu anayepotezewa muda. Kisha akaitazama glasi. Akaihamishia mkono wa pili.

"Inapata moto," alisema.

"Kwenye maji, joto linaishia kwenye glasi. Ndiyo maana nesi alisema wasubiri kabla ya kunywa. Ukiubwia mkavu, maji pekee unayoyakuta ni mate."

Aliiweka glasi chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha mtu mwingine. Akakaa kitandani kwa mama yake. Anastazia alimwonea huruma, huruma ya kweli, lakini hakuondoa macho kwake.

"Astaghfirullah," Himyar alinong'ona. "Ni mimi."

"Hukukusudia. Sidhani kama sheria ina neno na wewe. Lakini bila maelezo yako, Anjela anakwenda mahakamani leo."

Mvua ilisikika barazani.

"Na nikinyamaza?" aliuliza, bila kuinua kichwa. "Mama asijue. Akipona, asijue kwamba ni mwanawe. Nitamtafutia yule binti wakili mzuri, afande, wallahi."

"Wakili wa kumtetea kwa kosa lisilokuwapo?"

Himyar alijifunika uso kwa viganja viwili. Alikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasimama, akatafuta kofia yake, akavaa.

"Andikeni," alisema.

*

Mkuu wa upelelezi aliposikia kwa simu, aling'aka. Mtoto anaweza kujitwika lolote, alisema, labda ana lake na huyo dada wa kazi. Huyo mgonjwa mwenyewe anasemaje? Akubali mbele ya daktari, la sivyo jalada linakwenda.

Basi wakasimama kando ya kitanda, Dk. Kristofa upande mmoja, Anastazia na Himyar upande wa pili. Yasini alibaki mlangoni. Bi Hamdiya alipomwona mwanawe amefuatana na askari, mkono ukazama chini ya shuka.

"Bi Hamdiya," Anastazia alisema, "dawa ya alfajiri uliitumiaje? Tuonyeshe."

Ajuza alitikisa kichwa. Alitikisa tena, kwa nguvu, mpaka bomba likapiga kelele na daktari akasogea.

Ndipo Anastazia alipopata yakini. Alijua huyu mama, tangu siku ya kwanza. Alijua, na alikuwa radhi binti wa watu aozee jela kuliko mwanawe kujua alichofanya. Inspekta alitaka kumchukia, akashindwa. Naye ni mama.

Himyar alipiga magoti.

"Mama, nimeshasema. Nimewaambia ni mimi niliyekutilia. Nimejua, mama. Usinifi..."

Mkono ukachomoka chini ya shuka, ukamziba mdomo. Ulikuwa mkono wa kutetemeka, usio na nguvu ya kushika hata kijiko, lakini ulimziba kabisa, na machozi ya ajuza yakashuka kuelekea masikioni. Himyar hakuuondoa. Alipumua ndani ya kiganja kile, mabega yakimtikisika.

"Bi Hamdiya," Anastazia alisema kwa upole. "Anjela naye ana mama. Kule Mlola. Amezika mume juzi tu."

Bomba lilivuta, likatoa. 

Kisha Bi Hamdiya aliutoa mkono mdomoni mwa mwanawe. Akakikunja kiganja. Akamtazama daktari, akamtazama inspekta, na mbele yao akakipandisha mdomoni mwake, mara moja, kwa ghafla, kama mtu anayebwia.

"Nimeshuhudia," daktari alisema.

*

Anjela alitolewa magharibi ikikaribia. Alitia saini alipoambiwa atie, akapewa mfuko wake na viatu vyake. Anastazia alimweleza yote palepale kaunta, kwa maneno machache, kwa sababu alistahili kuyasikia kabla ya mtaa. Himyar alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, hajui pa kutazama.

"Anjela," alianza, "nisamehe, dada. Sisi..."

Binti hakumgeukia. Alikuwa akimtazama inspekta, uso umekunjamana kwa kitu ambacho hakikuwa furaha hata kidogo.

"Ile glasi, afande. Hakuigusa?"

"Hakuigusa."

"Niliifunika," Anjela alisema. "Isiingie mdudu."

Akajitanda kanga kichwani, akatoka kwenye mvua kuelekea stendi. Kwao Mlola kulikuwa na kaburi ambalo alikuwa bado hajaliona.